Nyumba Baada ya Talaka

Hapana jambo linalopendwa na watunga hadithi kama mwanzo mpya. Mtu amepoteza mali, au amepoteza heshima, au amepoteza mwenzi wake. Siku moja anasafiri, na huko aendako anakuta maisha mengine yakimngoja kama nguo iliyokwisha kushonwa kwa kipimo chake. Hadithi za namna hii hufurahisha kwa sababu kila mtu, tajiri na maskini, anacho kitu alichopoteza. Lakini furaha ya msomaji si ushahidi wa ukweli wa hadithi. Yampasa mhakiki aulize: mwanzo huu mpya umetoka wapi? Je, umefanyiwa kazi, ama umeletwa na bahati tu kwa sababu mtunzi amechoka na huzuni?

Nataka tulipime swali hilo kwa sinema moja ijulikanayo sana, Under the Tuscan Sun, yaani Chini ya Jua la Toscana. Sinema hii ilitolewa mwaka 2003. Aliyeiandika na kuiongoza ni Mmarekani, Bibi Audrey Wells, naye mchezaji wake mkuu ni Diane Lane. Ni habari ya mwanamke aliyevunjikiwa na ndoa yake, akaenda Italia katika majira ya joto, akanunua nyumba mbovu, akapata mapenzi, kisha akayapoteza. Watu wengi huikumbuka kwa jua lake, maua yake, na kijana mzuri mwenye gari. Mimi naona ya kwamba uzuri wake uko mahali pengine kabisa, na kasoro yake iko pale pale ambapo watazamaji hupiga makofi.

Usidhani, msomaji, kwamba jambo hili ni la watu wazima peke yao. Katika darasa lolote la shule ya sekondari wamo watoto ambao wazazi wao wameachana. Wengine wamemwona mama akirudi kwao na sanduku moja. Wengine wamemwona baba akila peke yake mezani. Na kila kijana, siku za usoni, atachagua au atachaguliwa, na si kila uchaguzi hudumu. Basi ni heri kujua mapema ni hadithi zipi zinazotuambia kweli juu ya kuanza upya, na zipi zinazotupa peremende tuache kulia.

Yafaa kwanza tujue maana ya majira ya joto kwa watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka wao una majira manne, na miezi ya Juni, Julai na Agosti ni kama sikukuu ndefu. Shule hufungwa, watu huenda ufuoni, mchana hurefuka hata jua huchelewa kutua. Ndiyo sababu mapenzi ya majira hayo yamekuwa aina ya hadithi peke yake. Watu wawili hukutana mbali na kwao. Hapana ajuaye madeni ya mwenzake, wala ndugu zake, wala hasira zake za asubuhi ya Jumatatu. Kila mmoja humwona mwenziwe kama msafiri auonavyo mji kutoka baharini: mapaa yanang'aa, na uchafu wa vichochoro hauonekani. Kisha Septemba huingia, na chombo hakina budi kutia nanga au kugeuza tanga.

Sasa tuitazame hadithi yenyewe. Frances ni mwandishi na mhakiki wa vitabu katika mji wa San Francisco. Anapata habari ya kwamba mumewe ana mwanamke mwingine, na ndoa inavunjika. Nyumba aliyoipenda inabaki kwa mume, na Frances anatoka na masanduku machache ya vitabu. Anapanga chumba katika jengo walimojaa watu walioachana na wenzi wao, na usiku anamsikia jirani akilia nyuma ya ukuta. Hapa Bibi Wells anafanya jambo la akili: hatuonyeshi ugomvi mrefu wala mahakama. Anatuonyesha kilio cha mtu tusiyemjua, nasi twafahamu mara moja kwamba Frances yumo katika nyumba isiyo nyumba, pamoja na wengine waliotupwa na tufani ile ile.

Rafiki yake Patti, ambaye ni mja mzito na hawezi kusafiri, anampa tikiti ya safari ya Italia. Huko Frances anaiona nyumba kuukuu karibu na mji wa Cortona, nayo inaitwa Bramasole, jina lenye maana ya kutamani jua. Mwenye nyumba ni bibi mzee anayengoja ishara kutoka mbinguni kabla ya kuuza. Njiwa anapita juu na kumdondoshea Frances mavi kichwani, na bibi yule anahesabu hiyo kuwa ndiyo ishara njema. Twacheka, na twastahili kucheka, maana mtunzi anatuambia kwa mzaha kwamba mwanzo mpya haukuja na tarumbeta.

Baada ya kununua, Frances anagundua alichokinunua. Tufani inapiga, umeme unawaka dirishani, ukuta unaanguka kwa kishindo, na mfereji mmoja wa kale hautoi hata tone la maji. Analia mbele ya Bwana Martini, dalali aliyemsaidia kununua. Nyumba ina vyumba vya kulala. Je, walalaji wako wapi? Ina jiko, je, atampikia nani? Anasema alitaka nyumba hiyo ione arusi, na iwe na jamaa ndani yake. Martini anamjibu kwa kisa cha reli. Anasema watu walitandika njia ya reli juu ya milima mirefu ya Semmering kabla hapajawa na gari la moshi liwezalo kuipanda, kwa kuwa walijua ya kwamba siku moja gari litakuja.

Kisa hiki ndicho moyo wa sinema, nacho chastahili kupimwa kwa historia. Reli ya Semmering ipo kweli huko Austria. Ilijengwa tangu mwaka 1848 mpaka 1854 chini ya mhandisi Carl von Ghega. Urefu wake ni kama kilomita 41, nayo hupita katika mahandaki 14 na juu ya madaraja makubwa 16. Ni kweli pia kwamba kazi ilipoanza, injini ya kupanda mlima ule ilikuwa haijapatikana. Lakini wajenzi hawakukaa wakingoja huku wamekunja mikono. Mwaka 1851 yalifanywa mashindano ya injini nne, ikashinda ile iliyoitwa Bavaria. Kisha Wilhelm von Engerth akatumia mafunzo ya mashindano yale kubuni injini iliyoufaa mlima. Basi Martini alisema nusu ya kweli, nusu iliyo tamu. Imani ilitandika reli, lakini gari halikuja kwa imani. Lilikuja kwa majaribio, na mengine yalishindwa. Nusu ya pili haisemwi na mtu yeyote katika sinema, lakini tutaiona ikitendeka ndani ya nyumba ya Bramasole.

Frances anawaajiri mafundi, na wengine kati yao ni vijana kutoka Poland. Hawana lugha moja naye. Anaanza kwa kuwaagiza kazi, kisha anawapikia, kisha anakaa nao mezani. Mtazamaji mwenye haraka atasema kwamba hapa hapana jambo, ni watu wanakula tu. Mimi nasema hapa ndipo talaka inapoanza kupona. Talaka humwondolea mtu mume au mke, lakini kabla ya hapo humwondolea meza: ile desturi ya kumjua alaye nini, nani hapendi chumvi, nani huchelewa. Frances anaipata meza tena kabla hajapata mapenzi, wala hakuitafuta kwa kulia; aliipata kwa kuchemsha maji.

Ndipo anapotokea Marcello. Frances amekwenda Roma kutafuta vipande vya taa ya kuning'inia, anakutana na kijana huyu, naye anamchukua mpaka mji wa Positano, ulio juu ya bahari. Wanapendana siku moja, na bahari ni ya buluu, na kila kitu ni kama picha ya kalenda. Wanapanga kukutana tena. Siku ya kwenda inapofika, Patti anabisha hodi mlangoni na mimba yake kubwa, naye pia ameachwa na mwenzi wake. Frances anabaki kumtunza rafiki. Siku nyingine inapangwa na kupita. Mwishowe Frances anavaa nguo nyeupe, anafunga safari mpaka Positano, na anamkuta Marcello ana mwanamke mwingine.

Tazama jinsi jambo hili lilivyotungwa. Marcello si mwovu. Hakuapa wala hakudanganya. Alikuwa mtu wa majira ya joto tu, na majira yalipita. Mtunzi dhaifu angemfanya mhuni ili tumchukie, ama angemfanya mume ili tufurahi. Bibi Wells amekataa njia zote mbili. Ametuonyesha ya kwamba mapenzi ya safari yaweza kuwa ya kweli na bado yasiweze kubeba mzigo. Yalimrudishia Frances jambo moja dogo lenye thamani: alijua kwamba bado aweza kupendwa. Zaidi ya hilo hayakuwa na uwezo, kama ua lisivyoweza kuwa nguzo.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Marcello alikuwa mlango uliopakwa rangi nzuri. Ndani ya Bramasole, wakati huo huo, yalikuwa yakitendeka mambo makubwa zaidi. Pawel, fundi kijana kutoka Poland, anampenda Chiara, binti wa jirani, na wazazi wa binti hawamtaki kwa kuwa ni mgeni asiye na ukoo wala mali pale. Frances, ambaye amerudi Positano moyo umevunjika, anasimama mbele ya wazazi wale na kumtetea kijana. Anasema yeye ndiye jamaa yake. Mwanamke aliyeuliza nani atalala katika vyumba vyake amekuwa mama wa mtu asiyemzaa. Naye alisema hayo katika siku ambayo yeye mwenyewe hakuwa na sababu yoyote ya kuyaamini mapenzi. Huu ndio ujasiri wa hadithi hii, wala hauhusiani na machweo ya jua.

Mwishoni arusi ya Pawel na Chiara inafanywa Bramasole, na Patti yumo nyumbani na mtoto wake mchanga. Ndipo Bwana Martini anapomkumbusha Frances ombi lake. Alitaka arusi katika nyumba hii: hii hapa. Alitaka jamaa: hao hapo. Kila alichokiomba amekipewa, ila si yeye aliyevaa shela. Na ule mfereji mkavu wa zamani unatoa maji. Kama sinema ingekoma hapo, ningeihesabu miongoni mwa kazi njema kabisa za aina yake, kwa kuwa ingetuachia neno gumu na tamu: kwamba ombi laweza kujibiwa kwa njia inayompita mwombaji, na mwombaji akashiba.

Lakini haikukoma. Katika dakika za mwisho anaingia mwandishi wa Kimarekani, kijana wa haiba, naye ni dhahiri kwamba ameletwa awe mpenzi mpya. Hapa ndipo watazamaji hupiga makofi, na hapa ndipo mimi naona kasoro. Sinema imetumia muda wake karibu wote kutufundisha kwamba nyumba hujaa kwa njia nyingine. Kisha inaogopa kwamba hatukuamini, inatupa mwanamume kama mwenye duka anavyomtupia mteja nyongeza. Aliyetosheka hahitaji nyongeza, na asiyetosheka hatatoshelezwa nayo.

Waweza kunijibu, msomaji, kwamba mtu huyo ana asili katika kitabu. Ni kweli, na ni vema tukifungue kitabu. Sinema ilitokana na kitabu chenye jina lile lile, kilichotolewa mwaka 1996 na Bibi Frances Mayes, mshairi na mwalimu wa chuo kikuu huko San Francisco. Yeye kweli alikuwa ameachana na mumewe, na mwaka 1990 alinunua Bramasole, nyumba iliyokuwa imeachwa tupu kwa muda wa miaka 30. Lakini katika kitabu mwenzi wake Ed yupo tangu mwanzo. Wananunua na kufanya kazi pamoja. Hakuna Marcello, wala hakuna Patti. Kwa sababu alifundisha, Bibi Mayes alikuwa huru hasa wakati wa likizo, na nyumba ilitengenezwa kidogo kidogo katika majira mengi ya joto: kufyeka miiba, kusugua boriti, kuhangaikia kisima, kutunza mizeituni. Siku moja, walipokuwa wakisugua ukuta wa chumba cha kulia, picha ya kale ikajitokeza chini ya chokaa. Kurasa zake nyingine ni mapishi matupu.

Basi kitabu hakina kisa cha mapenzi ya likizo hata kidogo. Sinema ndiyo iliyokitia, kwa sababu majira mengi ya kusugua ukuta hayatoshi kuuza tikiti. Sikulaumu kuongeza, kila sanaa ina sheria zake. Nalaumu kwamba kile kilichoongezwa ndicho kinachokumbukwa. Waliokisoma kitabu hukumbuka mafuta ya zeituni na mikono yenye malengelenge. Wengi walioitazama sinema hukumbuka Positano.

Iko kasoro ya pili, nayo ni ya nchi. Sinema inaifanya Italia iwe hospitali ya moyo wa Mmarekani. Wenyeji wana hekima, wanapika, wanapenda, lakini mara chache tunaambiwa shida zao. Mtu angeweza kudhani ya kwamba huko ndoa hazivunjiki. Lakini sheria ya talaka iliingia Italia tarehe 1 Desemba 1970 baada ya mabishano makali, na ilipopigiwa kura na wananchi mwezi wa Mei 1974, watu wapata 59 katika kila 100 waliopiga kura walitaka ibaki. Waitaliano nao wamelia nyuma ya kuta. Martini peke yake ndiye anayepewa moyo wa mtu mzima: tunaona dhahiri kwamba anampenda Frances, lakini ana mke, naye anabaki kwake. Katika hadithi juu ya uaminifu uliovunjwa, mtu mmoja anayeutunza bila kelele ni taa ndogo isiyozimika.

Na kasoro ya tatu, ambayo wewe mwenyewe huenda umekwisha kuiona: fedha. Wangapi walioachwa waweza kununua nyumba ng'ambo? Swali hili ni la haki. Lakini lisikufanye uitupe hadithi yote. Ondoa mizeituni na mapaa ya vigae, utabaki na mtu aliyeondoka na masanduku machache, akapata paa bovu, akaanza kuliziba, akawapikia waliokuwa karibu naye. Jambo hilo halihitaji Toscana. Laweza kutendeka katika chumba kimoja cha kupanga popote.

Watu wa pwani yetu wana neno ambalo sinema hii ingelifaidika nalo: eda. Kwa sheria ya Kiislamu, mwanamke aliyepewa talaka hungoja muda maalumu kabla ya kuolewa tena, na sheria ina sababu zake za nasaba na mapatano. Lakini mtu wa fasihi huona katika neno hilo hekima nyingine pia: kwamba kati ya mlango uliofungwa na mlango utakaofunguliwa pana wakati, na wakati huo si utupu. Frances anajaribu kuuruka wakati huo kwa safari moja ya Positano, na anaanguka. Anapoujaza kwa chokaa, unga na watoto wa wengine, anasimama.

Katika sinema yumo pia Katherine, Mwingereza wa makamo avaaye kofia kubwa, anayependa kuishi kama mtu wa hadithi. Anamwambia Frances kwamba alipokuwa mtoto alihangaika kutwa kutafuta vile vijidudu vyekundu vyenye madoa meusi, asivione. Akachoka, akalala majanini, na alipoamka vilikuwa vimemtambaa mwili mzima. Kisa chake chapingana na kile cha Martini. Mmoja asema jenga, mwingine asema acha kutafuta. Mwisho wa mwanamke huyu unatusaidia kuamua: usiku mmoja tunamkuta mlevi, akicheza ndani ya chemchemi ya mji kama mchezaji wa sinema ya Fellini ya mwaka 1960. Bado anangoja vijidudu. Nadhani visa vyote viwili vina kweli, lakini kwa utaratibu wake: mtu hujenga kwanza, ndipo aweza kulala majanini bila hofu, kwa maana akiamka hana kitu juu yake anayo nyumba ya kurudi.

Hukumu yangu basi ni hii. Itazame sinema hii, na usione haya kuipenda. Lakini utakapofika Positano, usiyakazie macho maji ya buluu. Mkumbuke Patti akibisha hodi, sufuria ikichemka, na Pawel mbele ya wazazi wa Chiara. Na kama nyumbani kwako yuko mtu anayeanza upya, usimwulize kama amepata mwingine. Muulize kama amekula, kisha keti naye mezani.